Kamera ya Kizuka

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usijali, nitakurudisha njiani kwa maneno machache. Mwanakheir wa Makunduchi aliolewa mjini na Mudrik, fundi wa mafriji. Ndoa ilikuwa nzuri, mtoto hawakujaaliwa. Siku moja Mudrik aliteleza kwenye ngazi akitengeneza kiyoyozi cha watu, akarudishwa nyumbani Mkunazini amefunikwa shuka. Mwanakheir akaingia eda. Akawa kizuka ndani ya nyumba ya mama mkwe wake, Bi Radhiya: hatoki, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, mpaka muda wake utimie.

Na hakulia. Hilo ndilo lililowachoma watu.

Wanawake waliokuja kumpa pole walimkazia macho wakingoja chozi. Wapi! Badria, dada wa marehemu, akasema mbele ya wageni kwamba mke asiyemlilia mumewe ana lake jambo. Badria mimi simpendi, na wala sijifichi. Lakini ukweli ni kwamba hata Mwanakheir alikuwa akijishangaa. Aliitafuta huzuni kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani, asiipate. Alikula akipewa, akisali wakati ukifika, akilala akitandikiwa. Ndani yake kulikuwa kimya.

Tulipoachana, mfuko wa vyombo vya kazi vya marehemu ulikuwa umeletwa nyumbani, na ndani yake, baina ya bisibisi na koleo, mkatoka kamera iliyoviringishwa kwa taulo. Kamera hasa, si simu. Mwanakheir hakuwahi kumwona nayo mumewe hata siku moja.

Bi Radhiya alipoiona alisema neno moja tu.

"Ifunikeni, itaingia vumbi."

Akenda zake jikoni.

Aliyeifunua ni Nusrat, mtoto wa kaka yake Mwanakheir, msichana wa Kiembe Samaki mwenye mdomo usiojua kuchoka. Nusrat na wanawake wenzake wana kikundi chao cha kujifunza kupiga picha siku za mapumziko, kwa kujifurahisha tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusomea kazi hiyo.

"Shangazi, kamera nzuri hii! Mbona huitumii?"

"N'tapiga nini? Mie kizuka."

"Kizuka hatoki. Nani kakwambia haoni?"

Mwanakheir hakuwa na nguvu ya kubishana. Akaishika, akaielekeza dirishani, akabonyeza. Picha ikatoka nyeusi tititi.

"Unaona? Nshakwambia mie siwezi."

"Shangazi, hujatoa kifuniko."

Siku nyengine angecheka mpaka akae chini. Safari hii alikitoa kifuniko, akabonyeza tena. Ukatoka ukuta, umepinda, nusu yake imeungua kwa mwanga.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya sana," Nusrat akakubali. "Usiifute. Mie za mwanzo wangu n'nazo zote, nikijiona bingwa nazitazama nashika adabu. Yule anayefuta kila mbaya hajui amekosea wapi, basi kesho anakosea palepale."

Wako wasomaji walioniletea ujumbe wakiuliza wanunue kamera gani ndipo waanze kujifunza. Nusrat angewajibu: hiyo hiyo uliyonayo. Yeye alianza na simu yenye kioo kilichopasuka, akapiga picha za paka wa jirani mpaka paka akawa anamkimbia.

Akampa shangazi yake kazi moja. Weka kikombe dirishani, kipige kila siku.

"Kikombe tu?"

"Kikombe tu. Bana viwiko ubavuni, mkono usitikisike. Vuta pumzi, itoe nusu, ndo ubonyeze. Hukupendezwa, usilaumu kamera. Sogea wewe."

Basi Mwanakheir akawa na shughuli. Asubuhi kikombe kina mwanga upande mmoja, mchana kimepauka, baada ya alasiri kina kivuli kirefu kinachofika ukutani. Picha za mwanzo zilitikisika. Zikaja zilizotulia lakini zimelala upande. Mara moja, bila ya kutarajia, ikatoka moja ambayo mvuke wa chai ulionekana waziwazi, na mdomo wa kikombe unang'aa.

Nusrat alipiga vigelegele, ndani ya nyumba ya msiba, mpaka Bi Radhiya akamkaripia.

"Umeona! Umeona, shangazi! Nani alisema hawezi?"

"Nimeona," alisema Mwanakheir.

Na kweli aliona. Aliona vitu ambavyo kwa miaka yote katika nyumba ile hakuwahi kuvitazama: kutu ya nondo za dirisha, ngozi ya mikono ya mkwewe akimenya muhogo, vumbi linalocheza kwenye mwanga. Aliviona vyote na hakuhisi kitu. Nusrat alimwahidi kwamba kamera itamrudishia moyo wake. Haikumrudishia. Lakini ilimpa sababu ya kunyanyuka kitandani, na kwa mtu wa hali ile hilo si dogo.

Nyinyi mnaojifunza, lishikeni hili, maana wiki hii sina jengine la kuwafurahisha.

Sasa tuje kwenye balaa.

Kikundi cha kina Nusrat kilipata ukumbi mdogo Shangani, wakaamua kutundika picha zao ukutani watu waje wazitazame. Kila mwanafunzi picha moja. Nusrat akamjia shangazi yake mbio, buibui halijamkaa sawa.

"Nipe kadi ya kamera, shangazi, nataka kuchagua yako. Jina lako litakaa chini yake."

"Mie yangu ya nini? Vikombe vile?"

"Nipe tu. Watu wanaoanza wanataka kuona ya mwenzao anayeanza. Wakiona za mabingwa peke yake wanarudi nyumbani wanazifungia kamera kabatini."

"Chukua."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa la wote wawili. Mwanakheir hakuwahi kurudi nyuma ndani ya kadi kupita vikombe vyake. Huko nyuma mlikuwa na picha za marehemu, na hakutaka kuzitazama, kwa sababu aliogopa atazitazama na bado asilie. Nusrat naye alikuwa na haraka. Akazipitisha picha upesi upesi, akaona moja iliyompokonya pumzi, akasema hii hapa, shangazi yangu kaiva.

Ikatundikwa. Chini yake pakaandikwa: Mwanakheir, mwanafunzi.

Kwa muda mfupi ilikuwa furaha. Wageni walisimama mbele yake, wanawake wengine wakauliza kama wanaweza kujiunga na kikundi. Nusrat akapiga simu nyumbani kila baada ya sala kuhadithia. Mwanakheir alisikiliza na kusema "naam", "alhamdulillahi", "vizuri". Hata hakuuliza ni picha gani. Alidhani ni kikombe.

Kumbe Badria naye alikwenda Shangani.

Alisikia kwa jirani kwamba jina la kizuka wao liko ukutani, na Badria habari ya namna hiyo haimpiti. Alirudi Mkunazini jasho linamtoka, akaingia bila ya hodi, simu mkononi.

"Mama! Njoo uone mambo! Njoo umwone mke wa kaka yangu!"

Bi Radhiya akatoka jikoni akijifuta mikono. Nusrat alikuwepo, amekaa chini na shangazi yake wanasafisha lenzi. Badria akaisukuma simu mbele ya uso wa Mwanakheir.

"Hii si picha yako? Si jina lako hilo chini?"

Mwanakheir akatazama.

Haikuwa picha ya kikombe. Ilikuwa mikono ya mwanamke, imepumzika mapajani, karibu na mlango ulio wazi. Mwanga uliingia kwa ubavuni ukaiangazia taratibu. Mikono ilikuwa ya mwanamke kijana, ina hina na piko mpaka kwenye viwiko, kama anavyopambwa bibi harusi. Picha nzuri mno.

"Mie nilidhani umempiga mmoja wa wageni waliokuja kukupa pole," Nusrat alinong'ona.

"Mgeni wa msiba anakuja na piko?" Badria akamgeukia. "Nyinyi watoto wa siku hizi mnatazama nini? Hebu tazameni mlangoni! Nyuma ya mikono! Kile nini kile kilichotandazwa chini?"

Wakatazama. Nje ya mlango ule, padogo, juu ya mchanga, palikuwa na mwani umeanikwa.

"Mwani huo," alisema Badria. "Mkunazini kuna mwani? Darajani kuna mwani? Mwani uko pwani, shamba. Wifi yangu katoka eda kenda kwao Makunduchi, kenda harusini, kapiga na picha, na kuitundika kaitundika Shangani mji mzima uone!"

Enyi wanafunzi wa kamera, kabla hamjabonyeza tazameni na kilicho nyuma. Nusrat alilijua somo hilo kwa mdomo, siku ile akalijua kwa mwili mzima.

"Wifi, mie sijatoka," alisema Mwanakheir, sauti yake ya kawaida.

"Picha imejipiga?"

"Sijatoka."

"Basi sikiliza. Ijumaa watu wanakuja kumsomea hitima kaka yangu. Mie sikai mkeka mmoja na mwanamke aliyemvunjia eda yake. Namuita kaka yako saa hizi aje akubebe na godoro lako. Hutolewi eda kwenye nyumba hii kwa heshima, na wanawake wote wanaoingia hapa watajua kwa nini."

Msomaji, usilichukulie hili kuwa ni kelele za wifi tu. Mjane anayerudishwa kwao kabla ya muda wake anarudi na jina. Jina hilo linamfuata kisimani, harusini, msibani. Mwanakheir hakuwa na mtoto wa kumtetea wala mume wa kumsemea. Alichobakiwa nacho katika nyumba ile ni kuambiwa alimkalia mumewe eda mpaka mwisho.

Nusrat akashtuka.

"Shangazi! Tarehe! Kamera inaandika siku ndani ya picha yenyewe. N'kiifungua kwenye kompyuta itasema ilipigwa lini. Kama ni ya zamani utakuwa huna kosa!"

 Mwanakheir alikuwa bado anaitazama simu ya Badria.

Kwa sababu wiki zote zile za kikombe zilimfundisha kutazama polepole, kutoka pembe moja mpaka nyengine. Na pembeni mwa picha, juu ya mkeka, karibu na goti la yule mwanamke, palikuwa na kofia.

Kofia ya viua. Imewekwa pale kama anavyoiweka mtu aliye kwake.

Mwanakheir aliishona yeye. Alikaa nayo Ramadhani nzima, akitoboa viua kimoja kimoja, na ua moja la ubavuni lilimwendea upande, akakataa kulifumua kwa uvivu. Mudrik alicheka, akasema ataivaa hivyo hivyo ili asije akachukua ya mwenzake. Halafu siku moja alirudi bila nayo. Imeibiwa msikitini, alisema. Mwanakheir akamwonea huruma akamwanzia nyengine.

Ua lile lilikuwa pale pichani, limekwenda upande.

Basi akajua kila kitu kwa mara moja. Akajua kamera ya kificho ilikuwa ya nini. Akajua kwa nini mafriji ya hoteli za Uroa kule pwani, alikosema Mudrik anaitwa, yalikuwa yakiharibika kila mwisho wa wiki. Akajua mikono ile ni ya nani, na aliyesimama mbele yake akiipenda kiasi kile ni nani, maana mtu haipigi mikono hivyo kama haipendi.

Alingoja maumivu. Yalikuwa yako mahali, aliyasikia kwa mbali, kama ugomvi wa nyumba ya tatu.

"Shangazi, niende n'kachukue kompyuta?" Nusrat alikuwa keshasimama. "Dakika chache tu n'sharudi."

Tazama alivyobanwa. Tarehe ingemsafisha yeye na kumfukua Mudrik. Akisema picha si yangu, swali litakalofuata ni nani aliipiga, na mikono ya nani. Siku ya Ijumaa wanawake wangekaa kwenye mkeka wa hitima wakinong'onezana habari ya bibi harusi wa pwani, na mama yake marehemu amekaa katikati yao. Mtu aliye kaburini hawezi kujitetea.

Hivyo ndivyo alivyojiambia. Mimi ninayewahadithia nadhani palikuwa na la pili. Kuitwa mvunja eda ni aibu, lakini kuitwa mke aliyeshona kofia ikavaliwa kwa mke mwenza bila yeye kujua, hiyo aliiona nzito zaidi. Pengine yote mawili. Mwenyewe hakujua, na hakuwa na moyo wa kujiuliza.

"Kaa, Nusrat."

"Lakini shangazi..."

"Nshakwambia kaa." Akamrudishia Badria simu yake. "Picha yangu. Nilitoka."

Nusrat akafunika mdomo.

Badria mwenyewe alipepesa macho. Alikuja kupigana, na hakutarajia kushinda upesi hivyo.

"Umemsikia, mama? Kwa mdomo wake! Ulikwenda lini? Ulikwenda na nani?"

"Nilikwenda peke yangu. Mwite kaka, nakusanya nguo."

Akanyanyuka. Aliiviringisha kamera ndani ya taulo lake kwa utulivu, kifuniko cha lenzi akakihakikisha kimekaa. Miguu ilimpeleka mpaka kwenye sanduku lake, akalifungua, akaanza kutoa kanga. Alikuwa mtulivu kiasi cha kutisha. Nusrat alimfuata akilia kwa niaba yake.

"Umesema uongo, shangazi. Hujatoka. Mie najua hujatoka."

"Kunja hii."

"Kwa nini unajitia kwenye moto?"

"Kunja, Nusrat. Pindo kwa pindo."

Nyuma yao Badria alikuwa keshaitafuta namba, simu iko sikioni, inaita.

"Weka simu hiyo chini."

Alikuwa Bi Radhiya.  Alikuwa amesimama palepale kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha kufutia mikono amekisokota mpaka kimekuwa kamba.

"Mama, unamtetea? Mwenyewe kakubali!"

"Weka chini, Badria, kabla sijakuja kukunyang'anya."

Badria akaikata.

Bi Radhiya alikwenda kukaa kwenye ukingo wa kitanda cha mkwewe, jambo ambalo tangu msiba hakulifanya. Hakumtazama usoni. Aliitazama kanga iliyokuwa mikononi mwa Nusrat.

"Mwanakheir hakutoka. Hajakanyaga nje ya mlango ule tangu lilipotoka jeneza. Picha kapiga Mudrik."

"Kaka?" Badria alicheka kidogo, cheko la mtu anayeomba aambiwe ni mzaha. "Kaka ana kamera lini? Umejuaje?"

"Nilikuwepo."

Nje, mchuuzi alipita akiwanadi samaki wake, akafika mwisho wa uchochoro, sauti ikapotea. Hakuna aliyemwita.

"Ilikuwa Uroa," Bi Radhiya aliendelea. "Harusi ya kimya, watu wa ndani tu. Alinambia, mama, Mwanakheir asijue, n'tamwambia mwenyewe nikipata maneno. N'kanyamaza. Nilitaka mjukuu, mwanangu. Mungu ananiona, nilitaka mjukuu tu. Akafa na maneno hajayapata, mie n'kaona basi, yazikwe naye. Lakini wewe unakubali kosa usilolifanya kwa ajili ya mwanangu, na mie nimesimama jikoni n'natazama. N'taulizwa hilo. N'taulizwa kabla ya sala zangu."

Nusrat hakuthubutu kumtazama shangazi yake. Badria alikaa chini sakafuni, taratibu, bila ya kutafuta mkeka.

Mwanakheir alikuwa bado ameinama juu ya sanduku. Aliisubiri hasira, haikuja. Alilisubiri chozi, kwani hata yeye sasa aliona huu ndio wakati wake, nalo halikuja. Akaunyoosha mgongo. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia mkate kama umebaki.

"Na yeye yumo edani?"

"Yumo."

"Kafiwa siku moja na mie."

"Siku moja."

Mwanakheir akaitikia kwa kichwa. Akaichukua kanga kwa Nusrat, akairudisha sandukuni, akaikandamiza kwa kiganja.

"Basi tutatoka siku moja," alisema. "Mwambie aje. Watutoe pamoja, watu wajue mara moja, yaishe."

Bi Radhiya alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, vina harufu ya muhogo.

"Hamtotoka pamoja, mwanangu," alisema. "Yeye eda yake ni mpaka ajifungue."